Ushahidi wa Tumbawe

Msomaji, kama hujapata kufika Kiwayu, nifuate huko kwanza, kisha tutarudi nyuma pamoja miaka mia tatu. Kiwayu ni kisiwa kirefu chembamba katika visiwa vya Lamu, upande wa kaskazini, karibu na mpaka wa Somalia. Ubavu wake mmoja umeelekea bara, na hapo maji ni ya mkondo uliotulia uliozungukwa na mikoko. Ubavu wa pili umeelekea bahari kuu, na hapo mawimbi hupiga mchanga usiku na mchana bila ya kuchoka. Wenyeji wake ni Wabajuni, na kazi yao kubwa ni uvuvi. Kisiwa kimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979.

Nilikwenda huko pamoja na wanafunzi wa chuo cha ualimu ninachofundisha. Wao walitaka kuona samaki wa rangi rangi na kobe. Mimi nilitaka waone taka. Maana ufuo wa bahari kuu wa Kiwayu hupokea kila kitu kilichotupwa baharini na watu wasioijua Kiwayu hata kwa jina. Kuna chupa za plastiki, vipande vya nyavu, viberiti vya gesi, na zaidi ya vyote kuna ndara: za kushoto, za kulia, za watoto, za watu wazima, wala haziwi jozi hata siku moja. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 wanawake wa vijiji vya hifadhi ile wamekuwa wakiziokota, wakiziosha na kuzikata, wakafanya wanyama wa kuchezea na mapambo, na kazi hiyo iliyoanza kama mchezo wa watoto imekuwa biashara inayojulikana hata ng’ambo.

Wanafunzi wangu walikaa kitako mchangani wakasoma chapa. Chupa hii imetoka India, ile imetoka Indonesia, na hii imeandikwa herufi ambazo hapana mmoja wetu aliyeweza kuzisoma. Walifurahi sana, kama makarani wa forodha. Ndipo mmoja wao, kijana mpole asiyekuwa na desturi ya kusema mengi, akauliza: “Mwalimu, na lile tope tuliloliona Sabaki je? Lile nalo ni taka ya baharini. Chapa yake iko wapi?”

Alikuwa na haki ya kuuliza. Basi letu la Lamu lilipopita juu ya daraja la Sabaki, kaskazini kidogo ya Malindi, sote tulichungulia dirishani tukaona maji mazito, mekundu kama udongo wa kufinyangia, yakienda baharini. Mto huo una majina matatu. Unapotoka nyanda za juu karibu na Nairobi huitwa Athi. Ukishakutana na mto Tsavo huitwa Galana. Ukikaribia pwani huitwa Sabaki. Udongo unaoubeba ni shamba la mtu fulani. Lakini ni la nani? Na lilianza kuchukuliwa lini? Nilimwahidi jibu, na insha hii ndiyo jibu lenyewe.

Kwanza hapana budi tuseme habari za atomu. Umefundishwa kwamba kila elementi ina atomu za namna yake: oksijeni ni oksijeni, risasi ni risasi. Hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Mapema katika karne ya 20 wataalamu waligundua kwamba atomu za elementi moja zaweza kupishana uzito. Tabia zao ni moja, huungana na vitu vingine kwa namna moja, lakini moja ni nzito kidogo kuliko mwenziwe, kwa kuwa ina nyutroni zaidi ndani ya kiini chake. Ni kama ndugu wa tumbo moja waliofanana sura hata jirani hawezi kuwatenga, ila ukiwapandisha mizanini utawajua. Mwaka 1913 Mwingereza Frederick Soddy aliwapa ndugu hao jina la isotopu. Neno lenyewe alitungiwa na daktari mmoja mwanamke, Margaret Todd, kwa kuunga maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya “mahali pamoja”, kwa sababu ndugu hao wote hukaa katika chumba kimoja cha jedwali la elementi.

Mizani ya kuwapimia ilitengenezwa upesi. Mwaka 1919 Francis Aston alitumia sumaku. Atomu hutiwa umeme, zikarushwa kwa nguvu, zikapitishwa mbele ya sumaku. Iliyo nyepesi hupinda sana, iliyo nzito hupinda kidogo, na kila moja huangukia mahali pake. Mtu akihesabu zilizoangukia hapa na zilizoangukia pale, amepata uwiano wa isotopu. Mashine za leo ni za ustadi mkubwa zaidi, lakini hekima yake ni ile ile.

Sasa tazama oksijeni. Katika kila atomu 1,000 za oksijeni zilizomo baharini, kama 998 ni za uzito wa 16, na mbili tu ni za uzito wa 18. Hesabu hii haikai vile vile kila mahali. Mwaka 1947 Harold Urey, mtaalamu wa Marekani aliyekwisha pata Tuzo ya Nobel mwaka 1934, alionyesha kwamba mnyama wa baharini anapojijengea gamba la chokaa, kiasi cha oksijeni nzito anachokitia ndani yake hutegemea joto la maji. Maji yakiwa ya baridi, nzito huingia zaidi. Yakiwa ya joto, hupungua. Tofauti yenyewe ni ndogo mno: joto likipanda digrii moja, uwiano hupungua kwa kiasi cha sehemu mbili katika elfu kumi. Lakini mizani ikiwa nzuri, hiyo yatosha. Urey alikuwa ametia kipimajoto mkononi mwa wanahistoria, nacho ni kipimajoto kinachosoma joto la siku zilizopita.

Hapa ndipo tumbawe linapoingia, na ndiyo sababu nikakupeleka Kiwayu. Nyumba za kale za Lamu, Pate na Siyu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa yake ilichomwa kutokana na matumbawe. Kwa hiyo sisi watu wa pwani tumeishi ndani ya tumbawe kwa karne nyingi bila ya kujua kwamba ni daftari. Tumbawe ni mjengo wa wanyama wadogo sana wanaokaa pamoja kwa maelfu, na kila mwaka huongeza tabaka moja juu ya nyumba yao. Ukilikata na kulipiga picha ya eksirei utaona mistari mieupe na mieusi, kama pete za mti: mwaka na mwaka wake. Kuna aina moja inayofanya bonge la mviringo, ambayo wataalamu huiita Porites. Bonge hilo hukua sentimita moja au zaidi kidogo kwa mwaka. Likipita kimo cha mtu, basi lina umri kupita babu wa babu yako.

Huku Kiwayu na Kiunga matumbawe yapo, lakini maji ya baridi yapandayo kutoka vilindi vya Somalia wakati wa kusi huyazuia yasistawi kama yale ya kusini. Mabonge makubwa yenye umri yamo Malindi, mwendo wa kilomita 180 hivi, ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968. Huko wataalamu walishuka majini na keekee ndefu, wakalitoboa bonge moja kutoka juu mpaka chini, wakatoa nguzo nyembamba ya mawe. Habari zake zilitolewa mwaka 2000 na Julia Cole, Robert Dunbar, Timothy McClanahan na Nyawira Muthiga, huyu wa mwisho akiwa Mkenya mwenzetu. Walipima oksijeni ya kila mwaka kwa miaka 194. Daftari lao lilianza mwanzo wa karne ya 19, kabla hata Seyyid Said hajahamia Unguja, likaishia mwaka 1994.

Lilisema nini? Lilisema mambo mawili. La kwanza, bahari ya Malindi imeongezeka joto tangu mwanzo wa karne ya 19, na ongezeko hilo lafika hata digrii 1.3. La pili ni la ajabu zaidi: kupanda na kushuka kwa joto la Malindi hufuatana na kupanda na kushuka kwa joto la Bahari ya Pasifiki, iliyoko upande wa pili wa dunia. Ile hali ya Pasifiki iitwayo El Niño, inayotuletea mvua za gharika, imeandikwa katika jiwe letu. Miaka minne baada ya mwisho wa daftari hilo, yaani mwaka 1998, El Niño kali ilipasha bahari moto hata matumbawe mengi ya pwani ya Kenya, pamoja na ya Kiunga, yakapauka na kufa. Mzee mmoja wa Kiwayu alituambia kwamba mwaka ule miamba iligeuka myeupe kama imepakwa chokaa, na wavuvi hawakujua ni ugonjwa gani.

Tumbawe jingine, la Watamu, lilitoa ushahidi wa namna nyingine. Humo walipima kaboni ya uzito wa 14, ile inayojulikana kwa kupimia umri wa mifupa na makaa ya kale. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 mataifa makubwa yalikuwa yakijaribu mabomu ya atomu hewani, katika visiwa vya Pasifiki na katika nyika za baridi za kaskazini. Mabomu yale yaliongeza kaboni 14 katika hewa ya dunia nzima, hata mkataba wa mwaka 1963 ukakataza majaribio ya hewani. Kaboni hiyo ilishuka baharini, na tumbawe la Watamu likaitia katika tabaka zake. Mvuvi wa Watamu wa wakati ule huenda hakupata kusikia jina la Bikini wala la Novaya Zemlya, lakini alama ya moto wao imo miguuni pake.

Turudi kwenye tope, maana sijamjibu kijana wangu. Nalikuwa nimemwonya mapema kwamba oksijeni hailijui tope, na sitaki nawe udanganyike. Kwa swali la tope ilitumika elementi nyingine, bariamu, na uwiano uliopimwa haukuwa wa isotopu, bali wa bariamu na kalsiamu. Udongo wa bara una bariamu iliyoushikilia. Unapofika penye maji ya chumvi, bariamu huachilia udongo ikayeyuka, na tumbawe huichukua mahali pa kalsiamu linapojenga. Tope likizidi, bariamu huzidi. Wakati wa kaskazi mkondo wa pwani husukuma tope la Sabaki kuelekea kusini, moja kwa moja kwenye miamba ya Malindi. Wakati wa kusi hulisukuma kaskazini. Kwa hiyo tumbawe la Malindi lilikaa mlangoni pa mto kama karani, likaandika kila mzigo uliopita.

Mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake walitoa habari za daftari hilo kwa muda wa miaka 300. Ziangalie kwa makini, maana hapa ndipo penye historia. Tangu mwaka 1700 hata 1900 mzigo wa tope haukubadilika sana. Miaka mia mbili! Katika miaka hiyo kulikuwa na njaa na mvua za gharika, kulikuwa na misafara ya pembe na ya watumwa, Wakamba walilima na kufuga, na mto ulileta udongo wake wa kawaida. Kisha, tangu 1900 hivi, mstari unaanza kupanda, na unaendelea kupanda mwaka baada ya mwaka. Kilele chake ni kati ya 1974 na 1980, baada ya ukame mkali wa mwanzo wa miaka ya 1970.

Je, mwaka 1900 kulitokea nini? Reli kutoka Mombasa ilifika mahali paitwapo Nairobi mwaka 1899. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ikafungua njia ya kuwapa walowezi mashamba. Wakamba wakapoteza sehemu ya ardhi yao kuzunguka milima ya Machakos, wakawekewa masharti ya kulisha katika nyanda za Yatta, na wao pamoja na ng’ombe wao wakabanwa ndani ya rizavu. Watu waliongezeka, ardhi haikuongezeka. Hata milima ikabaki mitupu.

Serikali ya wakati ule haikukosa kuona. Mwaka 1937 afisa wa kilimo Colin Maher aliandika ripoti kali juu ya mmomonyoko wa udongo Machakos. Serikali ikaamua kwamba kosa ni la ng’ombe, yaani ni la wenye ng’ombe, na dawa ni kuwapunguza kwa lazima. Mwaka 1938 ng’ombe wakakamatwa na kuuzwa kwa bei ya chini, na wengi wakaingia katika kiwanda cha nyama kilichokuwa kimejengwa Athi River. Wakamba hawakupigana. Maelfu yao, wanaume kwa wanawake, waliondoka Machakos wakaenda Nairobi kumwona Gavana, wakakaa huko kwa majuma mengi, wakisema kwamba hawatarudi bila ya jibu. Kiongozi wao aliitwa Muindi Mbingu. Mtu apitaye leo katika barabara ya Nairobi yenye jina lake ni nadra kujiuliza alikuwa nani. Serikali ilimkamata ikamhamisha, na mahali ilipompeleka ni Lamu.

Nakuomba usimame hapa kidogo kama tulivyosimama sisi. Mtu aliyeondolewa kwao kwa ajili ya swali la udongo aliletwa kukaa katika visiwa hivi, katikati ya nyumba za matumbawe. Na chini ya bahari ile ile, siku chache kwa jahazi kutoka gerezani pake pasipo kuta, kulikuwa na tumbawe hai likiandika habari za udongo huo kwa haki, bila ya kumpendelea Gavana wala yeye. Hapana aliyelijua. Mwisho wa mwaka ule wa 1938 Serikali iliacha kuwalazimisha Wakamba kupunguza mifugo, lakini Muindi Mbingu hakuachiliwa mara moja.

Ni rahisi sasa kusema kwamba tumbawe limemshindia kesi. Mstari ulikuwa umetulia miaka mia mbili Wakamba wakiwa na ng’ombe wao, ukaanza kupanda walipobanwa. Mimi nami huvutwa na maneno hayo, wala sioni aibu kukiri. Lakini mwalimu wa historia hana ruhusa ya kulisemesha jiwe zaidi ya lilivyosema. Tumbawe linasema lini, halisemi nani. Wakati huo huo wa 1900 watu walianza kuongezeka, miji ikaanza kujengwa, misitu ikakatwa kwa kuni za reli, na mashamba makubwa ya walowezi yakalimwa katika nyanda za juu ambako mto Athi unaanzia. Tope lote hilo lilipita mlango mmoja.

Tena liko jambo linaloleta ugumu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya Machakos tangu 1930 hata 1990. Walionyesha kwamba katika muda huo watu waliongezeka sana, lakini milima iliyokuwa mitupu katika picha za zamani ilivikwa matuta na miti, na mmomonyoko ukapungua. Matuta yao yanaitwa “fanya juu”, kwa sababu mchimbaji hutupa udongo upande wa juu wa mfereji, na jina hilo la Kiswahili linatumika leo katika vitabu vya kilimo vya mataifa mengi. Sasa, kama Machakos ilikuwa ikipona, kilele cha tope cha 1974 hata 1980 kilitoka wapi? Bonde la mto huo ni kubwa kuliko Machakos. Liko Kitui, liko Makueni, ziko nyanda za malisho za kusini, kuna Nairobi na viunga vyake. Tena udongo uliochukuliwa mlimani mwaka huu si lazima ufike baharini mwaka huu. Huweza kulala katika kitanda cha mto miaka mingi, ukingoje gharika. Kwa hiyo mashahidi wawili waweza kuwa wakweli wote wawili na bado wasikubaliane.

Hapo ndipo isotopu zinapohitajika tena, na hapo ndipo tope linapopata chapa yake. Iko elementi iitwayo rubidiamu, ambayo isotopu yake moja hugeuka polepole mno ikawa strontiamu ya uzito wa 87. Nusu ya rubidiamu hiyo huchukua miaka milioni 49,000 hivi kugeuka, yaani muda kupita umri wa dunia mara nyingi. Mwamba uliokaa muda mrefu sana na rubidiamu nyingi ndani yake huwa na strontiamu 87 nyingi. Mwamba uliotoka juzi katika volkano huwa nayo kidogo. Udongo hurithi uwiano wa mwamba uliouzaa, kama mtoto anavyorithi damu, na maji ya mto hayawezi kuufuta.

Sasa funua ramani ya miamba ya Kenya. Karibu na Nairobi na katika nyanda za juu miamba ni ya volkano. Uwanda mrefu wa Yatta umefunikwa na ujiuji wa volkano uliotiririka kwa mamia ya kilomita, miaka milioni kumi na zaidi iliyopita. Kwa hesabu ya miamba, huyo ni mtoto. Lakini milima ya Machakos, na Kitui karibu yote, ni ya miamba mikongwe iliyopikwa na kukunjwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ni nasaba mbili, na chapa zake haziwezi kufanana. Mtu akichukua tope lililolala chini ya bahari karibu na mlango wa Sabaki, tabaka kwa tabaka, akapima strontiamu yake, anaweza kuuliza kwa kila wakati: mzigo huu ulitoka zaidi katika nchi ya volkano au katika nchi ya miamba mikongwe? Hiyo ndiyo hatua ya kutoka “lini” kwenda “wapi”. Kutoka “wapi” kwenda “nani” ni lazima tena mwanahistoria arudi kwenye karatasi na kwenye vinywa vya wazee.

Usidhani kwamba kazi ya kumtafuta mchafuzi kwa isotopu ni ndoto. Imekwisha fanywa, na mfano wake mkubwa ni wa risasi. Nasema ya madini, si ya bunduki. Clair Patterson wa Marekani alikuwa akitafuta umri wa dunia. Risasi ya uzito wa 206 na 207 huzaliwa na urani inayooza, lakini ile ya 204 haizaliwi na kitu. Kwa hiyo uwiano wake ni saa. Mwaka 1956 alitoa jibu lake, kwa kupima vimondo: miaka milioni 4,550. Lakini kazi yake ilimsumbua miaka mingi, kwa sababu kila chombo, kila maji, hata vumbi la chumba chake, vilikuwa na risasi isiyohusika. Akasafisha, akasafisha tena, hata akajiuliza: risasi hii yote imetoka wapi? Ilitoka kwa wanadamu, na sehemu yake kubwa ilitoka katika petroli ya magari. Mwaka 1965 aliandika waziwazi, na wenye viwanda wakampinga kwa nguvu. Wengine wakafuata njia hiyo hiyo ya isotopu: kila mgodi wa risasi una uwiano wake kwa kadiri ya umri wa madini yake, kwa hiyo risasi iliyotiwa katika petroli ya nchi moja huweza kutengwa na ya nchi nyingine, na zote mbili zikatengwa na ile iliyotoka katika mwamba wa mahali. Nchi moja baada ya nyingine ikaiondoa. Huku kwetu Kenya petroli ya risasi ilikomeshwa mwisho wa mwaka 2005, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, ikaiacha mwaka 2021. Wewe unayesoma haya yamkini umezaliwa baada ya risasi hiyo kwisha barabarani. Sisi waalimu wako tuliivuta tukiwa watoto wadogo.

Jioni ya mwisho kule Kiwayu niliwaeleza wanafunzi sehemu ya haya tukiwa tumekaa juu ya mchanga. Kijana wangu alikuwa ameshika kipande cha tumbawe kilichokufa, akikigeuzageuza kutafuta mistari. Akataka kukichukua nyumbani. Yule mzee akamwambia kwa upole kwamba katika hifadhi kitu kama hicho hakichukuliwi, naye akakirudisha mahali alipokiokota, lakini niliona moyo wake haukuridhika.

Tuliporudi, basi lilipokaribia daraja la Sabaki, alikwenda mbele akamwomba dereva asimame. Dereva alinung’unika, abiria wakanung’unika zaidi, lakini akasimama. Kijana akateremka mbio mpaka ukingoni, akajaza maji mekundu katika chupa ya plastiki aliyoiokota Kiwayu, ile yenye herufi tusizozijua, akarudi akiwa na matope mpaka magotini. Chupa hiyo iko juu ya rafu darasani mwangu hata sasa. Tope limetulia chini, unene wa vidole viwili, na juu yake maji ni safi kabisa. Ameibandikia karatasi, akaandika kwa wino jina la mto na tarehe, kisha akaacha mstari mmoja mtupu mbele ya neno “limetoka”.